Mume na mke waliovuka India kwa kinga: kilometa 22,500 na pancha 40 kwa siku

Mwezi wa Novemba 1897, mume na mke kutoka Marekani walianza safari ya baiskeli ambayo hata leo wachache wangeithubutu. Fanny Bullock Workman alikuwa na miaka 38. Mume wake, daktari William Hunter Workman, alikuwa na miaka 50. Safari ilidumu miaka miwili na nusu. Walipita India, Burma, Ceylon ambayo leo inaitwa Sri Lanka, na kisiwa cha Java. Kwa safari yote walihesabu karibu kilometa 22,500.

Hawakuwa watu maskini. Baba yake Fanny, Alexander Bullock, aliwahi kuwa gavana wa jimbo la Massachusetts, na wazazi walipofariki waliwaachia mali nyingi. Mwaka 1889 William aliacha kazi ya udaktari kwa sababu ya afya, wakahamia Ujerumani. Huko ndiko walikozoea baiskeli. Walianza na safari fupi za Ulaya, kisha wakaenda Algeria, na baadaye Uhispania, ambako walipiga kilometa 4,500. Siku ya kawaida walikuwa wanakata kilometa 70 hivi. Siku ngumu zilifika 130. Waliandika vitabu pamoja juu ya safari zao.

Mzigo mdogo, shida nyingi

Kwa India, walifuata barabara kubwa zilizo karibu na reli ili wasikose chakula. Kwenye baiskeli walifunga chai, sukari, biskuti, jibini, nyama ya kopo, maji, mito ya kulalia, blanketi moja kwa kila mtu, karatasi za kuandikia, dawa na vyombo vya kutengeneza baiskeli. Hakuna zaidi. Usiku ukiwakuta bila nyumba ya wageni, walilala katika chumba cha kungojea treni. Mahali pengine panya walikuwa wengi kuliko wasafiri.

Kuna siku chakula kilikosekana, kuna siku maji yalikosekana. Mbu hawakuwaacha. Lakini adui mkubwa alikuwa miiba ya barabarani: siku nyingine walishuka kuziba pancha mpaka mara 40. Kila mara ni kazi ileile: kutoa mpira, kutafuta tundu, kubandika kiraka, kungoja kikauke, kupiga pompi, kupanda tena. Na Fanny aliyafanya yote hayo akiwa amevaa sketi ndefu, kama desturi ya wakati ule ilivyotaka.

Njiani walisimama kwenye mahekalu ya zamani ya Wahindu, Wabuda na Wajaini, wakayapiga picha na kuandika habari zake. Wakati wa joto la mwaka 1898, nyanda za India zilipokuwa kama tanuru, waliziacha baiskeli na kupanda milimani kwa miguu. Walivuka mapito yenye kimo cha meta 4,200 hadi 5,500. Hapo maisha yao yaligeuka. Kwa miaka mingi iliyofuata walirudi mara kwa mara kwenye milima ya Karakoram, na mwaka 1906 Fanny alifika karibu meta 6,930 kwenye kilele cha Pinnacle. Hakuna mwanamke aliyefika juu kuliko hapo mpaka mwaka 1934.

Bei ya safari

Habari hii ina upande mwingine. Mume na mke hawa walikuwa na watoto wawili. Mvulana, Siegfried, alikufa mwaka 1893 akiwa bado mdogo. Binti, Rachel, aliyezaliwa mwaka 1884, alikulia mikononi mwa walezi na katika shule za bweni wakati wazazi wake wako barabarani. Baadaye Rachel alisoma elimu ya mawe na ardhi, na mwaka 1919 alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kupokelewa katika Chama cha Jiolojia cha London.

Watu wa inchi walizopita nao hawakutendewa vizuri siku zote. Katika vitabu vyao, akina Workman mara nyingi waliwaandika wenyeji kwa dharau. Walipojaribu kupanda milima ya Sikkim mwaka 1898, wapagazi waliona wanasukumwa mno katika baridi, wakakataa kuendelea, na safari ikavunjika. Wasafiri waliandika kwamba watu wale ni wavivu. Wapagazi hawakuandika kitabu, kwa hiyo neno lao halikubaki.

Mpira ulitoka wapi?

Mambo haya yanaigusa Congo pia. Baiskeli yenye magurudumu mawili sawa na mnyororo ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1885. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama huko Belfast, alitengeneza tairi la kujaza upepo. Bila tairi hilo safari ya kilometa 22,500 ingekuwa ngumu zaidi. Kwa miaka michache tu Ulaya na Marekani zilishikwa na homa ya baiskeli, na bei ya mpira ikapanda.

Sehemu ya mpira huo ilitafutwa katika misitu ya Congo, wakati inchi ilikuwa mali ya mfalme Leopold wa Pili. Vijiji vililazimishwa kuleta mpira wa mwitu kwa kipimo. Walioshindwa walipigwa fimbo, wake zao walishikwa mateka, wengine waliuawa au kukatwa mikono. Kitabu cha akina Workman juu ya India kilitoka mwaka 1904. Mwaka uleule serikali ya Uingereza ilitangaza ripoti ya konseli wake Roger Casement juu ya mateso ya watu wa Congo. Miaka minne baadaye Leopold alinyang'anywa inchi, ikawa koloni la Ubelgiji.

Leo hapa Congo kinga ni chombo cha kazi kabla ya kuwa cha matembezi. Inabeba makala kuingia Lubumbashi, inabeba mafuta ya mawese na mahindi kwenye barabara za Kasai, na mwenyewe anaisukuma kwa miguu kwa siku nyingi. Ufundi wa kuziba pancha njiani, ambao akina Workman waliuona kama ajabu ya kuandikia kitabu, kwao ni jambo la kila siku.

Jina la Fanny lilibaki pia kwa sababu ya jambo lingine. Mwaka 1912, kwenye barafu ya Karakoram, kwa kimo cha meta 6,400 hivi, alipigwa picha ameshika gazeti lenye maandishi makubwa yanayodai kura kwa wanawake. Wakati huo wanawake wengi wa Marekani hawakuwa na haki hiyo. Waliipata kwa inchi yote mwaka 1920. Alipofariki Ufaransa mwaka 1925, wasia wake uliachia vyuo vinne vya wanawake dola 125,000. William aliishi mpaka mwaka 1937.