Tufe la Dhahabu Juu ya Meza ya Kijani

Katika mwezi wa Machi 2024, mjini Riyadh, mabingwa wa snuka walikaribishwa kwenye meza ambayo juu yake, pamoja na matufe ishirini na mawili yaliyozoeleka tangu zama za babu zao, palikuwa na tufe la ishirini na tatu, la rangi ya dhahabu, lenye thamani ya pointi 20, wala halikuruhusiwa kutumbukizwa ila na yule ambaye amekwisha kuisafisha meza nzima kwa ukamilifu wa pointi 147 bila ya kukosa hata pigo moja. Ambaye angelifikia na kulitumbukiza angepata jumla ya pointi 167, idadi ambayo mchezo haukupata kuijua, na zawadi ya nusu milioni ya dola za Marekani ilikuwa ikimngoja. Hakuna aliyelifikia. Ronnie O'Sullivan alitwaa taji kwa kumshinda Luca Brecel 5 kwa 2, na tufe la dhahabu likaondoka ukumbini bila ya kuguswa na tundu.

Watazamaji, na hasa wale wa Uingereza ambako snuka ni mila ya vilabu na ya majumba, hawakungoja pigo la kwanza ndipo watoe hukumu. Wako waliokasirika wakasema kwamba mchezo wao umefanywa kitu cha maonyesho. Wako waliolipuuza tufe lile kama pambo la sikukuu. Na wako, wala hawakuwa wachache, waliokaa mbele ya televisheni kwa hamu ya kuona kama lisilowezekana litawezekana. Ama waandalizi wa mashindano ya namna hii, aghalabu huyafasiri malalamiko ya watazamaji kuwa ni ukaidi wa watu waliozoea ya kale. Tafsiri hiyo naiona ni dhulma. Mtu akiichunguza kwa utulivu tarikhi ya michezo ya meza tangu ilipoingia katika televisheni, ataona kwamba watazamaji hawa wamekubali mageuzi makubwa mara nyingi kuliko walivyoyakataa, na kwamba katika kukubali na kukataa kwao imo mizani moja ambayo wao wenyewe huitumia pasipo kuitaja.

Kwa faida ya msomaji ambaye anaijua pool ya mitaani kwetu tu, ile ya meza ndogo inayotiwa sarafu, ambapo mmoja hutafuta matufe ya kundi lake na mwenzake ya kundi la pili, na mwisho wa yote ni tufe jeusi, sharti nieleze kwamba snuka ni ya ukoo huo huo lakini meza yake ni kubwa zaidi na hisabu yake ni ya namna nyingine. Mna matufe mekundu kumi na tano, kila moja pointi moja, na matufe sita ya rangi, ambayo thamani yake hupanda kutoka mbili hadi saba. Mchezaji hutumbukiza jekundu, kisha la rangi, kisha jekundu tena; na asipoona njia ya kutumbukiza, hujihami kwa kuliacha tufe jeupe la kupigia mahali ambapo adui yake atataabika. Huko kujihami ndiko kunakomchosha mgeni na kumfurahisha mjuzi, kwa sababu mgeni huona watu wawili wakisukuma tufe huku na huko pasipo faida, ilhali mjuzi huona kila mmoja akimpokonya mwenzake nafasi kidogo kidogo, hata mmoja wao ashindwe kuvumilia akakosea.

Snuka yenyewe, na hili watetezi wa mila husahau, ilizaliwa kuwa bidaa. Mwaka 1875 huko Jubbulpore, katika Bara Hindi, afisa kijana wa jeshi la Kiingereza aitwaye Neville Chamberlain aliongeza matufe ya rangi katika mchezo uliokuwa ukichezwa na maafisa wenzake kwa ajili ya kupoteza wakati wa mvua. Hapakuwa na mfadhili wala mtazamaji aliyelipa kiingilio. Waliozua ndio waliocheza, na kanuni zake zikasuguliwa na watu wenye fimbo mikononi kwa miaka mingi kabla hazijaandikwa rasmi. Mwaka 1927 yakafanyika mashindano ya kwanza ya dunia, akayashinda Joe Davis, na akaendelea kuyashinda hadi mwaka 1946 alipoyaacha akiwa bingwa mara kumi na tano. Fainali yake ya mwisho ilikuwa ya duru 145, na duru moja ni mchezo mmoja tangu matufe yapangwe mezani hadi mshindi wake ajulikane.

Joe Davis huyo huyo, ambaye hapana mtu aliyekuwa na haki kubwa kuliko yeye ya kuugusa mchezo, aliona mwishoni mwa miaka ya 1950 kwamba watu wanapungua kumbini, akaleta mwaka 1959 aina mpya iliyoitwa Snooker Plus, yenye matufe mawili zaidi, la machungwa la pointi 8 na la zambarau la pointi 10, hata ukamilifu wa mchezo ukawa 210 badala ya 147. Jina lake tukufu halikuusaidia mtindo ule, kwani haukudumu. Yafaa kulikumbuka jambo hili kila tunapolitazama tufe la Riyadh, maana dhana ya kwamba watazamaji watavutwa kwa kuongezewa rangi na pointi imekwisha kujaribiwa na fundi mkubwa kuliko wote wa zama zake, na ikashindwa.

Kilichouokoa mchezo, baada ya miaka ambayo hata ubingwa wa dunia ulikuwa hauchezwi kabisa, kilikuwa ni televisheni ya rangi. Idhaa ya BBC2 ya Uingereza ilianza kutangaza kwa rangi mwaka 1967, na katika kutafuta kipindi kitakachoidhihirisha rangi kwa gharama ndogo, ikaanzisha Julai 1969 shindano liitwalo Pot Black, ambalo mwanzoni kila mechi yake ilikuwa duru moja tu. Hebu msomaji alinganishe duru 145 na duru moja! Kama kweli watazamaji wangekuwa ni watu wa kuchukia mageuzi, basi hili lingekuwa tusi lisilosameheka. Lakini walilipokea, wakalipenda, na kipindi kikaendelea hadi mwaka 1986. Sababu yake naiona wazi. Pot Black ilikata urefu, haikubadili kitu kingine chochote: jekundu lilibaki na thamani ya jekundu, jeusi likabaki saba, na aliyejihami vizuri alipata malipo ya kujihami kwake. Mtu aliyetazama duru moja jioni ile alikuwa amejifunza mchezo uleule atakaoukuta kesho katika mashindano ya siku nyingi.

Na watu walijifunza kweli. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 1985, katika ukumbi wa Crucible mjini Sheffield, Dennis Taylor, aliyekuwa nyuma kwa duru nane kwa sufuri mbele ya Steve Davis, alifikisha fainali ya dunia kwenye duru ya 35 na ya mwisho, na duru hiyo pekee ikachukua dakika 68, ikaamuliwa na tufe jeusi la mwisho wakati saa sita ya usiku imekwisha kupita. Watazamaji milioni 18.5 wa Uingereza walikuwa hawajalala. Nataka wenye vituo vya televisheni walitafakari tukio hili kwa dhati, kwa sababu ni hoja nzito dhidi ya madai kwamba polepole haitazamiki: duru iliyojaa woga, kukosa na kujihami ndiyo iliyowakesha mamilioni, na iliwakesha kwa kuwa walikuwa wamekwisha kufundishwa kuisoma.

Ng'ambo ya pili ya bahari, Marekani, habari ilikwenda njia nyingine ikafika mahali hapo hapo. Mchezo wa fahari wa mabingwa wa huko ulikuwa ule ambao kila tufe ni pointi moja, na mchezaji huendelea kutumbukiza bila ya kumpisha mwenzake, yakitumbukia kumi na manne hupangwa upya, hata akose. Willie Mosconi alitumbukiza 526 mfululizo mwaka 1954 huko Springfield, Ohio; na mwaka 2022 Jayson Shaw akafika 714. Ni ustadi wa kustaajabisha, lakini televisheni haikuwa na la kufanya nao, kwani mpinzani huketi kitini muda wote na mtazamaji asiyejua haelewi kwa nini tufe hili lilichaguliwa na lile likaachwa. Mahali pake pakachukuliwa na mchezo wa matufe tisa, ambao hauna siri: sharti tufe lenye namba ndogo kabisa liguswe kwanza, na atakayetumbukiza la tisa ndiye mshindi. Hata mtoto huona mara moja mchezaji anatafuta nini. Ulikuwa ukichezwa katika kumbi za Marekani miongo kadhaa kabla ya televisheni kuuchukua, na filamu ya Martin Scorsese ya mwaka 1986, The Color of Money, ikaueneza kwa wasiopata kuingia ukumbini.

Hapo palikuwa na malalamiko pia, na yalikuwa malalamiko ya haki. Wajuzi walisema kwamba mchezo huu unaipa bahati nafasi kubwa mno, na kwamba matufe yakipangwa yakabana vizuri, pigo la kufungulia humtumbukizia mchezaji tufe la pembeni karibu kila mara, hata mwenye kufungua akawa na ushindi mkononi. Katika mashindano makubwa waandalizi walisikiliza: mpangilio wote wa matufe ukasogezwa mbele, tufe la tisa likawekwa juu ya alama ambapo zamani liliwekwa la kwanza, na lile tufe la pembeni likaacha kwenda tunduni kwa wepesi. Hii ndiyo faida ya kuwa na watazamaji wenye elimu, kwamba lawama yao hutaja kasoro kwa jina na mahali pake.

Sasa tuje kwa mtindo uliokataliwa. Tarehe 30 Oktoba 2010, mjini London, ilizinduliwa mbele ya kamera aina iitwayo Power Snooker. Matufe mekundu yalipunguzwa yakawa tisa, yakapangwa kwa umbo la almasi. La katikati lilipewa uwezo wa pekee, kwamba likitumbukizwa huanza kipindi cha dakika mbili ambacho pointi za mtumbukizaji huhesabiwa maradufu. Sehemu ya meza ilitengwa ambayo mapigo yake yalizidishwa tena. Kila pigo lilipewa sekunde 20, na mechi nzima nusu saa. Hadhira iliruhusiwa kupiga kelele. Wachezaji hawakuwa dhaifu, kwani fainali iliwakutanisha Ronnie O'Sullivan na Ding Junhui, akashinda O'Sullivan. Lakini mtazamaji aliyejifunza kwa miaka mingi kwamba jeusi ni saba alijikuta akiona jeusi la kumi na nne, na baadaye la ishirini na nane, kwa pigo lenye ugumu uleule. Elimu yake yote ilibatilishwa kwa jioni moja. Hakujua tena ni nani aliye mbele kwa kuitazama meza, ila kwa kulitazama bao la matokeo, na mchezo ambao meza yake haisomeki umekosa roho yake. Mtindo ule ulirudi mwaka 2011, kisha ukatoweka.

Wako watakaonijibu kwa Shoot-Out, iliyofufuliwa mjini Blackpool mwaka 2011, ambayo duru moja huchezwa kwa dakika 10, sekunde 15 kwa pigo katika nusu ya kwanza na 10 katika nusu ya pili, tena katikati ya makelele. Mbona hiyo imeishi? Imeishi kwa sababu ilibana saa ikaiacha thamani ya kila tufe salama, na mtu anayejua snuka huijua Shoot-Out mara moja. Ugomvi wake mkubwa ulikuja mwaka 2017, shindano lilipoanza kuhesabiwa katika orodha ya ubora wa wachezaji. Hapo wengi wakateta kwamba haifai dakika kumi za haraka kupimwa kwa kipimo kile kile cha mechi za saa nyingi. Mizani yao ilikuwa ile ile: furaha ya mtindo hawakuikataa, walikataa kuvurugwa kwa hisabu.

Kwa mizani hiyo, tufe la dhahabu ni kosa dogo kuliko lilivyoshutumiwa, na ni jambo dogo kuliko lilivyotangazwa. Haligeuzi thamani ya chochote kabla ya 147 kukamilika, na mara ukamilifu unapokuwa hauwezekani tena huondolewa, hivyo sehemu kubwa ya jioni ni snuka ya kawaida. Lakini kwa kuwa lilizaliwa katika chumba cha matangazo, pasipo kupita kwanza katika mikono ya wachezaji wa vilabu, halimfundishi mtazamaji kitu kipya cha kuona juu ya meza, na fedha nyingi zilizowekwa juu yake haziwezi kulipa upungufu huo.

Nawasihi basi wale watakaotaka siku moja kuipeleka pool yetu katika televisheni, Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, wakiona haja ya kanuni mpya, waipeleke kwanza mitaani, wawape wachezaji wa kila siku waicheze msimu mzima bila ya kamera, wasikilize watakacholalamikia na wakirekebishe, na wamweke kando ya meza mtangazaji anayejua kumweleza mtazamaji kwa nini mchezaji amejihami.