Wageni Barazani, Kutu Uchochoroni

Msomaji wetu wa Tanga ameniletea picha saba na swali moja. Picha amezipiga mwanawe anayeishi Chicago, Marekani, akiwa amesimama mtaani na kuelekeza kamera juu, kwenye tumbo la reli inayopita juu ya barabara za katikati ya jiji. Hakuna treni hata moja katika picha hizo. Kuna maboriti ya chuma, mabamba, vichwa vya ribiti vilivyopangwa kama vifungo vya koti, na kutu: ya machungwa, ya kahawia, nyeusi, nyingine imemenyuka matabaka matabaka kama chapati. Mzee anauliza: "Tulifundishwa kuwa kutu inataka hewa na maji. Sasa mbona humu chuma kimeliwa zaidi pale mabamba mawili yalipobanana, mahali ambapo hewa haipiti?"

Swali hili limeninyima usingizi, kwa furaha.

Historia ya reli yenyewe nitaipitia mbiombio. Treni ya kwanza ya juu mjini Chicago ilianza mwaka 1892, ikivutwa na injini ya mvuke. Mzunguko wa katikati ya jiji ulikamilika mwaka 1897, na treni zinaupita hadi leo. Wenyeji huiita "L", basi, herufi moja. La kukumbuka ni kwamba reli hii haina sakafu: mataruma yamelazwa juu ya maboriti yakiwa na nafasi katikati yake, hivyo mvua na theluji iliyoyeyuka hupita moja kwa moja hadi kwenye chuma kilicho chini. Magari nayo, wakati wa baridi, huirushia kutoka chini maji ya chumvi iliyomwagwa barabarani ili kuyeyusha barafu.

Kijana ana jicho. Picha nne alizipiga mchana, na ndizo zenye uzuri wa kadi ya posta: mwanga umepenya kati ya mataruma ukaanguka mistari mistari mithili ya kikoi. Tatu zilizobaki alizipiga mwezi Septemba, jua likikaribia kutua, kwenye Mtaa wa Lake, ambao umenyooka mashariki hadi magharibi. Msimu huo jua hutua karibu kabisa na mwisho wa mtaa, na miale yake hupita chini ya reli ikiwa imelala, kama tochi uliyoiweka sakafuni. Mwanga uliolala hauna huruma. Kila uvimbe hutupa kivuli. Tena kutu ni ya machungwa kwa sababu humeza mwanga wa bluu na kuurudisha mwekundu na wa njano, na mwanga wa machweo tayari umepungukiwa na bluu. Ndiyo maana boriti zima linaonekana kama kaa la moto.

Katika kupiga picha za aina hii ametanguliwa na watu wengi. Berenice Abbott alipiga picha chini ya reli za juu za New York mwaka 1936 kwa ajili ya kazi iliyokuja kuwa kitabu, Changing New York, mwaka 1939. Miongo miwili baadaye mwanamke huyohuyo alikuwa akipigia picha mawimbi na mipira inayodunda, ili wanafunzi wa sekondari waione fizikia kwa macho. Mimi sishangai hata kidogo.

Sasa turudi kwa mzee. Kabla ya kumjibu nilichukua panga la bustani, nikalisugua kwa msasa mpaka likang'aa, nikadondoshea tone la maji ya chumvi lenye upana wa kifungo cha shati. Mwanzoni madoa ya kutu yalitokea ovyo, hapa na pale. Saa moja baadaye yalikuwa yamejipanga. Ukingo wa tone ulikuwa safi kabisa. Katikati hapakuwa na kutu ila mng'ao ulikuwa umekufa, pamekuwa kijivu. Kutu yenyewe ilikaa kati ya sehemu hizo mbili, duara kama pete. Jaribio hili ni maarufu, U. R. Evans wa Cambridge ndiye aliyelieleza katika miaka ya 1920, na wanakemia bado huliita tone la Evans.

Kinachofanyika ni hiki. Ukingoni maji ni membamba, kwa hiyo oksijeni ya hewani huzama upesi hadi kwenye chuma. Katikati maji ni mazito, na oksijeni iliyokuwapo ikishatumika, nyingine huchelewa kufika. Tofauti hiyo ndogo inatosha kuligeuza tone kuwa betri. Chuma cha katikati huachia elektroni zake na kuyeyukia majini. Elektroni husafiri ndani ya chuma hadi ukingoni, na huko oksijeni huzipokea.

Fikiria nyumba ya Kiswahili siku ya shughuli. Wageni ndio oksijeni, nao wamekaa barazani, penye upepo. Wao ndio walaji. Lakini barazani hakuna akiba ya chakula; akiba iko ghalani, uani, ambako mgeni hakanyagi. Basi sinia hupita ndani ya nyumba, moja baada ya nyingine, na hizo sinia ndizo elektroni. Kadiri wageni wanavyokula, ndivyo ghala linavyopungua. Ukipita mtaani na kuangalia barazani utasema nyumba hii haijapoteza kitu: mkeka umetandikwa, watu wanacheka. Nenda uani ukatazame magunia.

Ubavuni mwa nyumba kuna uchochoro, nao ndio maji. Taka za ghalani, yaani chuma kilichoyeyuka, hutokea huko nyuma. Barazani nako wageni wananawa mikono, na maji yao ya sabuni yanatiririkia uchochoroni. (Sabuni hapa si utani: oksijeni na maji vikishapokea elektroni hutoa hidroksidi, nayo huteleza vidoleni kama sabuni.) Taka za uani na maji ya barazani hukutana katikati ya uchochoro, na hapo ndipo jalala linapojijenga. Jalala ndilo kutu. Halipo walipo walaji, wala halipo panapoliwa. Na chumvi? Chumvi hupanua uchochoro. Kwa maji matupu umeme hupita kwa kubanana, na shughuli huenda polepole. Kwa maji ya chumvi unapita mkokoteni.

Kwa hiyo, mzee wangu, walimu wako hawakukudanganya. Kutu inataka hewa. Ila inapokula sipo inapopumulia.

Mabamba ya Chicago ni tone lile lile kwa ukubwa mwingine. Mafundi wa zamani walipigilia ribiti zikiwa nyekundu kwa moto. Zilipopoa zilinywea na kuyabana mabamba. Yalibanana, lakini si kiasi cha kuzuia utando wa maji. Maji ya chumvi yakajivuta ndani ya mwanya. Uso wa nje, wenye upepo, ukawa baraza. Ndani ya mwanya pakawa uani.

Halafu jalala likakosa nafasi. Chuma kikigeuka kutu hujaza nafasi iliyo karibu mara 3 ya ile ya mwanzo, wakati mwingine zaidi. Ikiwa imebanwa kati ya mabamba, kutu hiyo husukuma. Tazama picha ya sita: ukingo wa bamba umefura kati ya ribiti na ribiti, na penye ribiti umezama, sawasawa na godoro lililoshonwa vifundo. Chuma kinene kimekunjwa na unga.

Kutu ya namna hii inastahili jina lake. Fundi mmoja aliniambia tuseme "kutu ya kubana", lakini hiyo inaeleza kinachotendwa kwa kutu, si kinachotendwa na kutu. "Kutu shinikizi" inanukia ofisi. Mimi napendekeza kutu kabari. Wapasua magogo wanaijua kabari: huipigilii ili ikae, unaipigilia ili itenganishe. Tena naomba wahariri wasinichomekee "ya". Kutu ya kabari ni kutu iliyoshika kabari ya mpasua kuni. Kutu kabari ni kutu ambayo yenyewe ni kabari, kama tunavyosema bata mzinga na askari kanzu bila mtu kulalamika.

Wa pwani mnaifahamu hata kama mlikuwa hamjaipa jina. Ile zege inayobanduka chini ya roshani na kuacha nondo nyekundu uchi ni kazi yake. Na huua. Juni 1983 kipande cha daraja la mto Mianus, jimboni Connecticut, kilianguka usiku na watu 3 wakafa. Mifereji ya maji ya daraja ilikuwa imefunikwa kwa lami miaka kadhaa nyuma. Maji yakashuka kwenye viungo, kutu ikajazana nyuma ya vyuma vya kuning'inizia, ikavisukuma taratibu mpaka kimoja kikachomoka kwenye pini yake.

Mambo ya rangi, aina za chuma na unyevu wa mahali yana sehemu yake, nami nayaruka. Picha pia haipimi unene: kutu ya juujuu hutisha kuliko madhara yake, na wakaguzi hugonga kwa nyundo na kupima kwa vyombo kabla ya kusema lolote.

Mzee amwombe kijana arudi Septemba ijayo kwenye boriti lile lile, saa ile ile, aweke sarafu kando ya uvimbe wa picha ya sita, apige tena. Yeye mwenyewe pale Tanga apande juu ya paa atazame, si katikati ya bati, bali pale bati moja linapolalia jingine.

Panga nimeshalirudisha mahali pake. Pete imefutika kwa kitambaa kikavu, lakini lile duara la kijivu katikati limekataa, na jana nimeulizwa nani kaliharibu.