Pasipoti ya Marekani, Ploti ya Voi

Voi inapanuka upesi. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria mwaka 2017, ploti za Mwakingali, Sofia, Mwanyambo na Ikanga zimezidi kutafutwa, na vyumba vya kupangisha vinainuka mstari kwa mstari. Baadhi hujengwa kwa pesa za mkopo wa Sacco, baadhi kwa mshahara wa mtu aliye mbali sana na Taita: muuguzi wa Minnesota, dereva wa lori wa Texas, mhudumu wa wazee wa Massachusetts. Mwaka 2024 pesa ambazo Wakenya walio ng'ambo walituma nyumbani zilikaribia dola bilioni 5, na zaidi ya nusu zilitoka Marekani.

Wengi wa watumaji hao wameshakula kiapo cha uraia wa huko. Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 iliwafungulia mlango, kwani Mkenya wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kuchukua wa nchi nyingine, na aliyeupoteza chini ya sheria ya zamani anaweza kuomba arudishiwe. Siku ya kiapo picha husambaa kwenye kundi la familia, kuanzia Wundanyi hadi Taveta, na pongezi hazikatiki. Jambo moja huwa halitajwi siku hiyo. Marekani huwatoza raia wake kodi popote walipo duniani, na wajibu huo hauishi mtu anapofunga virago kurudi nyumbani.

Nchi karibu zote hufanya vingine. Kenya, kwa mfano, humwangalia mtu anakoishi. Mwenye makao ya kudumu nchini na akawapo hata kwa siku moja katika mwaka wa kodi ni mkazi mbele ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya. Asiye na makao huwa mkazi akitimiza siku 183 mwaka huo, au wastani wa zaidi ya siku 122 kwa mwaka ukihesabu pamoja na miwili iliyotangulia. Asiye mkazi hudaiwa kwa mapato yaliyotoka Kenya tu, kama vile kodi ya wapangaji. KRA haimdai mtu wa Mwatate aliyehamia Dallas sehemu ya mshahara wake wa Dallas kwa sababu tu ana pasipoti ya Kenya.

Wazee wa Taita wana kumbukumbu ya mfumo mwingine kabisa. Kuanzia mwaka 1901 serikali ya kikoloni ilitoza kodi ya kibanda, na sheria ya 1910 ikaongeza kodi ya kichwa kwa wanaume wasio na kibanda. Vijana waliteremka milimani kwenda kuvunja migongo kwenye mashamba ya katani ili wapate pesa za kumlipa mtoza kodi. Ulikuwa mzigo wa dhuluma, lakini angalau kodi ya kibanda ilikuwa na anwani: ilikaa pale paa lilipo. Ya Marekani haina anwani, kwa kuwa imefungwa kwenye jina la mtu.

Chanzo chake ni vita. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, sheria za kodi za 1861 na 1864 ziliwaingiza pia Wamarekani walioishi nje, wakati ambapo serikali ilihitaji kila senti na ilihofia matajiri wakimbie wajibu. Vita viliisha, kanuni ikabaki. Mwaka 1924 Mmarekani aliyeitwa George Cook, mkazi wa Mexico, alipinga mahakamani kutozwa kwa mapato aliyoyapata Mexico. Mahakama ya Juu ilimkatalia. Ilisema serikali humlinda raia popote aendapo, kwa hiyo ina haki ya kumtoza popote alipo. Hukumu hiyo imetimiza miaka mia na bado ndiyo msingi.

Karibu na kwetu, Eritrea ndiyo hufanya kitu cha kufanana. Hudai asilimia 2 ya mapato ya watu wake walio ng'ambo, na asiyelipa huweza kukwama anapotafuta huduma za ubalozi. Mwezi Desemba 2011 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lililaani namna kodi hiyo ilivyokuwa ikitumiwa na kukusanywa, na mwaka 2013 Canada ilimfukuza balozi mdogo wa Eritrea mjini Toronto kwa sababu yake. Marekani haijawahi kukemewa hivyo. Ina nguvu ya kuzifanya benki za dunia zishirikiane nayo, na nguvu hiyo Asmara haina.

Tumchukue muuguzi wa kubuni ambaye amestaafu akarudi Voi na uraia wake pacha. Ana vyumba 10 Mwanyambo, kila kimoja shilingi 6,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 720,000. KRA humtoza asilimia 7.5 ya hizo, yaani shilingi 54,000, na mambo yakaisha kwenye iTax. Upande wa Marekani hayajaisha. Lazima aziandike kodi hizo za wapangaji kwenye Fomu 1040, ritani ya Marekani, kwa dola, atoe gharama za ukarabati na uchakavu wa jengo, aongeze pensheni yake ya huko na riba ya akaunti zake za Kenya. Pengine mwishowe hatadaiwa kitu, maana mara nyingi kodi iliyolipwa nchi ya pili hupunguzwa kwenye hesabu. Lakini kutodaiwa hakumwondolei wajibu wa kuwasilisha.

Wengi huteleza hapa. Husikia kwamba Mmarekani aliye nje husamehewa mapato ya kwanza, ambayo kwa mwaka 2025 ni hadi dola 130,000, wakadhani hakuna la kuwahusu. Msamaha huo ni wa mapato ya jasho peke yake, mshahara au biashara, na huombwa kwa kujaza fomu. Pensheni haimo, kodi ya nyumba haimo, riba haimo. Anayejiajiri, mwenye duka la dawa mjini Voi au gari la watalii la kuingia Tsavo, husamehewa kodi ya mapato lakini si mchango wa hifadhi ya jamii wa Marekani, ambao kiwango chake ni asilimia 15.3. Kenya na Marekani hazina mkataba wa kuzuia kutozwa kodi mara mbili, wala mapatano ya kuunganisha michango ya NSSF na ya huko. Mtu huyo anaweza kujikuta anachangia kotekote.

Na ndoa huleta jambo lake. Raia wa Marekani aliyeoa au kuolewa na asiye raia, akaamua kuwasilisha ritani yake peke yake, hulazimika kufanya hivyo akifikisha mapato ya dola 5 kwa mwaka. Dola tano. Bei ya kuku mmoja sokoni Voi huzipita.

Tumrudie muuguzi wetu, maana ana ploti ya pili. Aliinunua mwaka 2013 kwa shilingi milioni 1, wakati dola moja ilikuwa kama shilingi 86. Amekuja kuiuza kwa milioni 1.5, dola ikiwa shilingi 129. Kwa shilingi ana faida ya nusu milioni. IRS, mamlaka ya mapato ya Marekani, hupiga hesabu kwa dola: alinunua kwa dola 11,628, akauza kwa dola 11,628. Faida sifuri. Angedhani amepona. Lakini pesa za mauzo zimepita kwenye akaunti yake ya benki, na siku hiyo akaunti zake za Kenya zikijumlishwa zimevuka dola 10,000. Sheria ya mwaka 1970 inataka kila Mmarekani aliyevuka kiasi hicho nje ya nchi, hata kwa siku moja, azitaje akaunti zake zote katika taarifa iitwayo FBAR.

Kinachowaingiza wengi matatani katika FBAR ni sahihi zaidi ya utajiri. Taarifa haiulizi pesa ni za nani tu. Inauliza pia ni akaunti zipi mtu ana mamlaka ya kutia sahihi. Mama aliyerudi kutoka ng'ambo huaminiwa haraka. Chama cha akina mama kitamfanya mweka hazina, kanisa litamweka kwenye kamati ya ujenzi, mzazi mzee atamwongeza kwenye akaunti yake ili amtolee pesa za hospitali. Akaunti zote hizo zinaingia kwenye hesabu, hata kama hakuna shilingi yake ndani. Akiba za Sacco nazo huhesabiwa. Mifuko ya uwekezaji wa pamoja ambayo Wakenya wengi sasa huweka akiba zao ndiyo yenye karaha kuliko yote, kwa kuwa sheria ya Marekani ya 1986 huichukulia kuwa kampuni za kigeni za uwekezaji na huitoza kwa ukali wake. Shamba la Ngerenyi lililo kwa jina lake mwenyewe, kwa bahati njema, si akaunti na halitajwi kwenye FBAR.

Faini si za mzaha. Kwa aliyekosea bila kukusudia sheria iliweka hadi dola 10,000 kwa taarifa moja, kiasi ambacho sasa hupandishwa kila mwaka kufuata mfumuko wa bei. Kesi iliyofafanua jambo hilo ilimhusu mtu ambaye hali yake inafanana sana na ya watu wa Taita. Alexandru Bittner alizaliwa Romania, akahamia Marekani, akapata uraia, kisha mwaka 1990 akarudi kwao kufanya biashara. Hakujua kwamba alipaswa kutaja akaunti zake. Serikali ilihesabu akaunti 272 katika miaka mitano na kumdai dola milioni 2.72. Februari 2023 Mahakama ya Juu, kwa majaji watano dhidi ya wanne, iliamua faini ihesabiwe kwa taarifa, si kwa akaunti. Deni likashuka hadi dola 50,000. Hata hiyo iliyopunguzwa ingetosha kumfanya muuguzi wetu auze vyumba vya Mwanyambo.

Zamani mtu angeweza kukaa kimya. Mwaka 2010 Rais Barack Obama alitia sahihi sheria ya FATCA, inayozitaka benki za dunia kuwatambua wateja Wamarekani na kutoa taarifa zao, la sivyo zikatwe asilimia 30 ya malipo fulani yatokayo Marekani. Ndiyo sababu fomu ya kufungua akaunti benki, hata kwenye tawi la mji mdogo, humuuliza mteja kama ni raia wa Marekani au alizaliwa huko.

Swali hilo la mahali pa kuzaliwa huwagusa wasiojua kabisa. Mzazi alikwenda kusoma Ohio, mtoto akazaliwa huko, familia ikarudi Voi mtoto akiwa hajaanza kutembea. Leo ni mwalimu mwenye umri wa miaka thelathini, hajawahi kufanya kazi Marekani hata siku moja, na kwa katiba ya huko ni raia anayeweza kudaiwa ritani. Boris Johnson, aliyezaliwa New York na kuondoka akiwa mtoto wa miaka mitano, alidaiwa na IRS kwa mauzo ya nyumba yake ya London. Alilipa, na mwaka 2016 akaukana uraia. Kuukana nako kuna bei: mwaka 2014 ada ya ubalozi ilipandishwa kutoka dola 450 hadi 2,350.

Wenye grini kadi nao wasijihesabu nje. Kadi hiyo humfanya mtu mkazi wa kodi, na kurudi Taita na kuifungia kabatini hakubadilishi hali hiyo. Ni lazima irudishwe rasmi kwa Fomu I-407. Wazee waliorudi baada ya kukaa na watoto wao huko, wakaiacha kadi ife yenyewe, ndio wanaohitaji kuelezwa hili kuliko wengine.

Kuna haki katika hoja ya mahakama ya 1924 kwamba ulinzi una gharama. Lakini ulinzi anaoupata mwalimu wa Voi kutoka Washington ni upi, kulinganisha na barabara, polisi na zahanati anazozilipia kupitia KRA? Mzigo huu haumlemei sana tajiri, kwani ana wahasibu New York na Nairobi. Unamlemea mstaafu mwenye vyumba kumi, anayemtegemea mtu wa saiba kumjazia iTax, mtu ambaye hajawahi kuiona Fomu 1040. Marekani ingeweza kutoza kwa makazi kama majirani zake Canada na Mexico, na isingefilisika. Mwezi Desemba 2024 mbunge Darin LaHood wa Illinois aliwasilisha mswada wa kufanya hivyo. Muhula wa bunge ulikwisha Januari iliyofuata bila kuupitisha.

Kwa aliyechelewa bila kukusudia, njia ipo, na ni nafuu kuliko hofu inavyosema. IRS ina utaratibu maalum kwa wanaoishi nje: ritani za miaka mitatu iliyopita, FBAR za miaka sita, pamoja na kodi na riba kama ipo, na faini husamehewa. Sharti ni kujitokeza kabla IRS haijaanza kumchunguza. Pamoja na hayo hujazwa Fomu 14653, ambayo humtaka mtu aeleze kwa maneno yake kwa nini hakuwasilisha: alihamia lini, alirudi lini, akaunti alifungua kwa sababu gani, nani alimshauri, na alilijua jambo hili lini. Maelezo ya juu juu hukataliwa. Mtu wa Voi aliyewekwa kwenye akaunti ya mama yake mwaka aliolazwa hospitali ya Moi aandike hivyo hivyo, na tarehe, na aambatanishe taarifa za benki akiwa nazo.