Taa ya upepo wa tairi: kabla hujabonyeza kitufe cha kuiseti

Baridi ya kwanza ikishapiga Minnesota au Ontario, magrupu yetu ya WhatsApp hujaa picha ileile ya dashibodi: kitaa cha njano chenye umbo la tairi iliyokatwa, na alama ya mshangao katikati. Mtu anauliza anaizimaje, na ndani ya dakika chache kashajibiwa: shikilia kitufe mpaka izime. Jibu hilo hunitia wasiwasi. Taa hiyo iliwekwa kwa sababu watu walikufa, na ukibonyeza kitufe kabla ya kujaza upepo, unalifundisha gari kwamba upepo pungufu ndio sahihi.

Habari yenyewe inaanzia miaka ya 1990, wakati Ford Explorer ilipokuwa gari la familia nyingi za Kimarekani. Tairi zake nyingi zilikuwa za Firestone. Kwenye majimbo ya joto kama Texas na Florida, gari likiwa kwenye mwendo mkali, tabaka la juu lenye kashata lilibanduka, dereva akapoteza usukani, gari likabiringika. Wachunguzi wa serikali walikuja kuhesabu zaidi ya vifo 200. Mwaka 1999 Ford ilikuwa tayari inawabadilishia wateja tairi hizo Saudia na nchi jirani za Ghuba. Marekani kwenyewe Firestone iliziita tairi milioni 6.5 zirudishwe Agosti 2000. Kampuni hizo mbili zikaanza kurushiana lawama, na sehemu kubwa ya ugomvi ilihusu upepo: Ford ilikuwa imewaambia wenye magari wajaze psi 26, Firestone ikasema ilipaswa kuwa 30. Tairi yenye upepo kidogo hukunjika ubavuni kila inapozunguka, na kukunjika huko huzaa joto linaloila kwa ndani pasipo mtu kuona.

Novemba 2000 Rais Clinton alisaini sheria iliyoagiza magari mapya yawe na kifaa cha kumwonya dereva. Kanuni ya kwanza, ya 2002, iliruhusu mfumo wa bei nafuu unaolinganisha magurudumu kwa kutumia sensa za breki za ABS: tairi iliyopungukiwa upepo hupungua kimo, kwa hiyo huzunguka haraka kuliko wenzake. Lakini zote nne zikipungua pamoja, mfumo ule haukuwa na cha kulinganisha. Shirika la kutetea walaji la Public Citizen lilienda mahakamani, na mwaka 2003 kanuni hiyo ikatupwa. Nawashukuru kwa hilo. Kanuni mpya ikaja 2005, na tangu Septemba 2007 kila gari dogo jipya linalouzwa Marekani lina mfumo huu, mara nyingi ukiwa na sensa ya redio ndani ya kila gurudumu, kwenye valvu.

Sasa soma namba zake vizuri. Taa inatakiwa kuwaka upepo ukipungua kwa asilimia 25. Kama kibandiko cha mlangoni kwa dereva kinasema 32, unaweza kuendesha mpaka 24 ndipo uonywe. Tairi yenye 26, ile 26 iliyogombaniwa, haitakuonyesha kitu. Baridi nayo ina hesabu yake: joto likishuka nyuzi 5 au 6 za Selsiasi, tairi hupoteza karibu psi 1. Iliyojazwa 30 kukiwa na nyuzi 20, ikiamkia nyuzi 10 chini ya sifuri, imebaki na 24 na ushee. Haijatoboka, lakini imepungukiwa kweli, na inahitaji upepo.

Kwa hiyo anza na geji. Pima asubuhi, gari likiwa limelala au limesimama angalau saa tatu, maana tairi iliyotoka barabarani ina joto na itakupa namba ya juu kuliko ilivyo. Fuata kibandiko cha mlangoni; namba iliyochongwa ubavuni mwa tairi ni kikomo chake tu. Jaza zote nne. Magari mengi baada ya hapo huzima taa yenyewe ukiendesha kidogo. Toyota nyingi zina kitufe chini ya usukani: washa swichi, shikilia mpaka taa ipepese mara tatu. Honda nyingi unaingia kwenye menyu, kisha gari linahitaji kama nusu saa ya mwendo ili lijifunze.

Mlioko Ujerumani au Uingereza, magari yenu mengi bado yanatumia ule mfumo wa ABS, ambao Ulaya iliuruhusu ilipolazimisha vifaa hivi kwa magari madogo yote mapya mwaka 2014. Hayo lazima uyaseti kila unapojaza upepo au kubadilisha tairi, kwani hayana namba nyingine ya kuanzia.

Taa ikipepesa kwa dakika nzima ndipo ikatulia, mfumo wenyewe una hitilafu, mara nyingi betri ya sensa imekwisha baada ya miaka 5 hadi 10, na hakuna kitufe kitakachosaidia. Uingereza, gari lililoanza kutumika tangu 2012 linafeli ukaguzi wa usalama wa magari, MOT, kwa hilo. Mwambie fundi abadilishe sensa siku ile ile anapofungua tairi, usilipie kazi moja mara mbili. Na ukinunua rimu za pili kwa ajili ya tairi za theluji bila sensa, taa itakaa imewaka hadi majira ya kuchipua. Weka geji garini na upime mwenyewe kila mwezi.