Anachokitafuta Mkaguzi wa Shule

Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania lilitangaza matokeo ya kidato cha nne bila orodha ya shule kumi bora wala ya wanafunzi kumi bora. Maelezo yalikuwa kwamba orodha hizo hazina tija, kwa kuwa zinashindanisha shule zilizo katika mazingira tofauti. Mzazi aliyezoea kuchagua shule kwa kuangalia nani wa kwanza na nani wa mkia akabaki na swali la msingi: shule nzuri inajulikanaje?

Wapo watu ambao swali hilo ndiyo ajira yao. Zamani Tanzania iliwaita wakaguzi, siku hizi inawaita wathibiti ubora wa shule. Kiunzi chao cha mwaka 2017 kinawataka wapime mambo sita: mafanikio ya wanafunzi, ufundishaji na upimaji, mtaala, uongozi, mazingira ya shule, na ushirikiano na jamii. England, ambako ukaguzi wa shule ulianza mwaka 1839, idara ya Ofsted iliwahi kuyafupisha kuwa manne: mafanikio, ufundishaji, tabia ya wanafunzi na uongozi. Manne haya utayakuta karibu kila nchi inayokagua shule. Nitayaeleza nikiegemea zaidi England, kwa sababu huko mfumo umebadilishwa mara nyingi hadharani, na kila badiliko limeacha somo.

Mafanikio: alifika wapi, alitoka wapi

Chukua shule mbili. Ya kwanza inachuja kwa mtihani wa kujiunga, inapokea watoto wenye wastani wa juu, na baada ya miaka minne karibu wote wanapata daraja la kwanza na la pili. Ya pili ni shule ya kata inayopokea kila aliyepangiwa, wakiwemo wanaosoma Kiingereza kwa kubahatisha, na wengi wao wanamaliza na daraja la tatu. Kwenye orodha ya ufaulu ya kwanza inang'ara. Lakini ni ipi iliyofundisha zaidi? Ufaulu peke yake hauwezi kujibu.

Ndiyo maana mkaguzi hutenganisha ufaulu na maendeleo. Mwaka 2016 England ilianza kutumia kipimo kiitwacho Progress 8 kwa shule za sekondari. Matokeo ya kila mwanafunzi katika nafasi nane za masomo hulinganishwa na ya wenzake nchini waliomaliza shule ya msingi wakiwa na alama kama zake. Shule yenye sifuri imewasogeza watoto wake sawa na wenzao wa kwingineko. Iliyo juu ya sifuri imewasogeza zaidi. Kipimo hiki nacho kimelaumiwa, kwa sababu hakizingatii umaskini wa nyumbani. Hata hivyo, kinauliza swali la haki kuliko kuhesabu daraja la kwanza.

Takwimu, kwa upande mwingine, hupikwa. Njia nyepesi ya kupandisha wastani ni kumwondoa mwenye alama ndogo kabla ya mtihani. Watanzania tunaijua: mtoto anakaririshwa darasa au mzazi anashauriwa amtafutie shule nyingine, desturi ambayo serikali imeikataza. England nako ipo, na tangu mwaka 2019 wakaguzi wameagizwa kuitafuta. Hesabu yake ni rahisi: walioandikishwa kidato cha kwanza walikuwa wangapi, waliokaa kwenye mtihani wa mwisho ni wangapi, na pengo hilo limekwenda wapi?

Hatari ya kutegemea mtihani mmoja si ya leo. Mwaka 1862 serikali ya Uingereza iliamua kuzilipa ruzuku shule kwa kadiri watoto walivyofaulu mbele ya mkaguzi katika kusoma, kuandika na kuhesabu. Matokeo yake, walimu waliwakaririsha watoto kitabu cha kusomea, na masomo mengine yakanyauka. Mshairi Matthew Arnold, ambaye mwenyewe alikuwa mkaguzi, aliupinga utaratibu huo kwa miaka mingi. Mtihani ukigeuka mshahara, shule hufundisha mtihani.

Ufundishaji: daftari linasema kuliko kipindi

Wengi hudhani mkaguzi huketi nyuma ya darasa, humwangalia mwalimu dakika arobaini, kisha humpa alama. Ofsted ilifanya hivyo kwa miaka mingi. Watafiti, mmojawapo Robert Coe wa Chuo Kikuu cha Durham, walionyesha udhaifu wake: waangalizi wawili wakitazama kipindi kilekile, mara nyingi wanatoa alama tofauti. Mwaka 2014 Ofsted iliacha kuwapa walimu alama kwa kipindi kimoja kimoja.

Sababu nyingine kila mwalimu anaijua. Mgeni akija, kipindi hupambwa. Vielelezo vinatolewa kabatini, swali anaulizwa yule anayejua jibu, na somo lililokwisha kufundishwa linarudiwa ili mikono inyooshwe kwa wingi. Andalio la somo na azimio la kazi navyo vinaweza kuwa safi kabisa, lakini vinaonyesha nia ya mwalimu tu. Alichojifunza mtoto kinatafutwa kwingine.

Kinatafutwa kwenye madaftari. Mkaguzi mzoefu huomba madaftari ya wanafunzi wachache wenye uwezo tofauti, akayafunua kutoka mwanzo wa mwaka hadi wiki hii. Je, kosa la Februari bado lipo Agosti? Alama ya vema imewekwa juu ya jibu lisilo sahihi? Mada zilizomo zinalingana na shajara ya darasa, au shajara imejazwa na daftari ni tupu? Kisha humwita mtoto na kumwomba aeleze kwa maneno yake alichokiandika. Anayekokotoa sehemu bila kuweza kusema kwa nini asili lazima zilingane kabla ya kujumlisha amefundishwa utaratibu. Hesabu yenyewe bado.

Kuanzia mwaka 2019 Ofsted ilifanya njia hii kuwa uti wa ukaguzi wake. Wakaguzi walichagua masomo machache na kuyachimba: walizungumza na mwalimu anayeongoza somo, wakaingia madarasani, wakapekua madaftari, wakaongea na wanafunzi. Katika shule za msingi kusoma hakukukosekana, na mkaguzi aliwasikiliza watoto wakisoma kwa sauti. Ajabu ni kwamba waliacha kutazama takwimu za mitihani ya ndani ya shule, kwa hoja kwamba zilikuwa zinawalisha walimu kazi ya kujaza majedwali badala ya kufundisha.

Tabia: ukimya si nidhamu

Darasa lililokaa kimya huwafurahisha wageni. Mkaguzi hana budi kujiuliza kimya hicho kimetoka wapi. Watoto wanaonyamaza kwa kuwa wanafikiri na watoto wanaonyamaza kwa kuogopa fimbo wanafanana ukiwatazama mlangoni. Utawatofautisha pale mwalimu anapouliza swali gumu. Wa kwanza watajaribu hata kama watakosea. Wa pili watainamisha vichwa.

Kwa hiyo tabia hupimwa nje ya kipindi: wakati wa mapumziko, njiani kuelekea vyooni, siku mwalimu wa darasa hayupo. Mahudhurio yanapewa uzito mkubwa. England humhesabu mwanafunzi kuwa mtoro sugu akikosa asilimia 10 au zaidi ya vipindi vya mahudhurio, na mkaguzi hutaka kujua watoro hao ni akina nani: ni wasichana, ni wenye ulemavu, ni wa kijiji kilicho mbali? Baada ya uchunguzi wa mwaka 2021 kuhusu unyanyasaji wa kingono shuleni, Ofsted ilisisitiza wasichana na wavulana wahojiwe katika makundi tofauti, maana yapo mambo ambayo msichana hawezi kuyasema mbele ya wavulana.

Tanzania, ambako kanuni bado zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule na kwa kumbukumbu ya maandishi, kitabu cha adhabu ni ushahidi muhimu. Kitabu kitupu katika shule ambayo watoto wanasema huchapwa kila asubuhi kinamweleza mkaguzi habari za nidhamu, na zaidi za uongozi.

Uongozi: je, anaijua shule yake?

Uongozi ndilo eneo gumu kulipima, kwa sababu kazi ya kiongozi huonekana katika kazi za wengine. Mkaguzi humwomba mwalimu mkuu aeleze ubora na upungufu wa shule yake kabla ya ukaguzi kuanza, kisha hulinganisha maelezo hayo na aliyoyakuta. Kiongozi anayesema, "Darasa la tatu wamebaki nyuma katika kusoma, tumeanza kuwafundisha kwa vikundi, na haya ndiyo mabadiliko," anapata alama nzuri kuliko anayedai kila kitu kiko sawa huku nusu ya darasa hilo hawajui kusoma. Upungufu unaojulikana unaweza kufanyiwa kazi. Kamati au bodi ya shule nayo huhojiwa: inauliza maswali, au inaitwa kupitisha michango tu?

Hukumu ya neno moja

Ukishakusanya yote haya, unayaandikaje? Kwa miaka mingi Ofsted iliyabana yote katika neno moja. Novemba 2022 wakaguzi waliipata shule ya msingi ya Caversham, mjini Reading, ikiwa nzuri katika ubora wa elimu na katika tabia za wanafunzi. Lakini waliuona uongozi kuwa hautoshelezi kutokana na kasoro katika ulinzi wa watoto, na kwa kanuni za wakati huo shule nzima ikabeba neno hilo. Mwalimu mkuu wake, Ruth Perry, alijiua Januari 2023. Desemba mwaka huo mahakama ya uchunguzi wa vifo iliamua kwamba ukaguzi ulichangia. Septemba 2024 neno moja la jumla liliondolewa kwa shule za serikali, na Novemba 2025 ikaanza kadi ya taarifa inayotoa hukumu kwa kila eneo peke yake.

Ulinzi wa watoto si jambo la kupuuzwa, na kasoro zake lazima zisemwe. Ila neno moja lilimnyima mzazi habari aliyoihitaji: kwamba mwanawe anafundishwa vizuri, na kwamba kuna taratibu zinazopaswa kurekebishwa upesi.

Basi taarifa ya wathibiti ubora ikisomwa kwenye kikao cha wazazi, usiishie kwenye daraja. Uliza ushahidi wake: walitazama madaftari ya nani, waliongea na watoto gani? Uliza walioanza kidato cha kwanza wako wapi leo. Na zaidi ya yote, uliza kila pendekezo limepewa mtu gani na litakamilika lini. Ukaguzi ambao mapendekezo yake hayana mwenyewe wala tarehe umewapotezea muda walimu, wanafunzi na mkaguzi mwenyewe.