Kesi ya urithi: jinsi ya kutafuta faili na kupata nakala mahakamani

Wakaazi wengi wa Kaunti ya Kilifi hupata habari ya kesi ya urithi wakati mambo yamekwisha kuamuliwa. Binti aliyeolewa mbali anarudi nyumbani na kukuta mawe mapya ya mipaka katika shamba la marehemu babake. Mjane anatembelewa na mnunuzi asiyemjua, mwenye karatasi mkononi. Akiuliza, jamaa humjibu kwamba mambo yalipitia kortini.

Kama kweli yalipitia kortini, kuna faili. Faili hiyo huonyesha ni nani waliotajwa kuwa warithi, ni mali gani iliyoorodheshwa, ni nani aliyepewa usimamizi na mahakama iliamua nini. Anayetaka kujua haki yake aanzie hapo, na asikawie.

Faili huwekwa na nani

Faili za urithi huwekwa na Idara ya Mahakama. Afisi za kaunti, msimamizi wa wadi na chifu hawana faili hizo. Barua ya chifu inayowataja warithi ni mojawapo ya stakabadhi za kufungulia kesi, lakini haimpi mtu yeyote mamlaka ya kugawa wala kuuza mali ya marehemu. Mamlaka hayo hutolewa na mahakama chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Anayejiingiza katika mali ya marehemu bila idhini ya sheria anaweza kutozwa faini ya hadi Sh10,000, kufungwa hadi mwaka mmoja, au adhabu zote mbili.

Kujua mahakama iliyohusika

Kesi ya urithi kwa kawaida hufunguliwa kulingana na mahali marehemu alipokuwa akiishi mwisho. Shamba linaweza kuwa Kaloleni, lakini ikiwa mwenyewe aliishi na kufanya kazi Mombasa hadi kufa kwake, huenda faili iko Mombasa.

Jambo la pili ni thamani ya mali. Tangu Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 2015 ianze kutumika, Hakimu Mkuu anaweza kusikiliza kesi ya mali isiyozidi Sh20 milioni. Mahakimu wa ngazi za chini wana viwango vidogo zaidi, na mali inayopita hapo huenda Mahakama Kuu. Kabla ya hapo kiwango cha mahakimu kilikuwa Sh100,000 pekee. Kwa sababu hiyo, kesi nyingi za zamani zenye shamba au nyumba zilifunguliwa katika Mahakama Kuu. Familia za Kilifi zizitafute Malindi, na zile za miaka ya nyuma zaidi, kabla Malindi haijapata Mahakama Kuu, zizitafute Mombasa.

Jambo la tatu ni dini. Mirathi ya Waislamu inaweza kuamuliwa na Mahakama ya Kadhi iwapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda huko. Ikiwa marehemu alikuwa Mwislamu, ni vyema kuuliza katika masijala zote mbili. Kuna familia za Kiislamu ambazo kesi zao zilipelekwa Mahakama Kuu.

Kupata nambari ya kesi

Faili hutambuliwa kwa nambari na mwaka, kwa mfano kesi nambari 45 ya mwaka 2012. Kesi zilizosajiliwa kwa mfumo wa mtandao huanza na herufi E. Asiye na nambari anaweza kuitafuta kwa njia tatu.

Ya kwanza ni Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo kwa kawaida hutoka kila Ijumaa. Kabla ya mahakama kutoa hati ya usimamizi, ombi hutangazwa humo, na mwenye pingamizi hupewa siku 30. Tangazo hutaja mahakama, nambari ya kesi, jina la marehemu, mahali alipoishi, tarehe ya kifo na majina ya walioomba usimamizi. Matoleo ya gazeti hilo husomwa bila malipo katika tovuti ya Kenya Law, na pia humo huwekwa maamuzi mengi ya mahakama. Gazeti ni la Kiingereza. Asiyeisoma lugha hiyo anaweza kumwomba kijana wa nyumbani amtafutie jina la marehemu.

Ya pili ni afisi ya usajili wa ardhi. Ikiwa shamba limekwisha kuandikishwa kwa jina jipya kwa njia ya urithi, msajili alipewa hati ya mahakama, na hati hiyo ina nambari ya kesi. Anayefuata njia hii afike na nambari ya ploti na kuomba upekuzi rasmi.

Ya tatu ni masijala ya mahakama yenyewe. Kesi huandikwa katika rejista, za zamani kwa mkono katika vitabu vya kila mwaka. Karani ataweza kusaidia haraka zaidi akipewa mwaka wa kifo na mwaka ambao jamaa wanadhani kesi ilifunguliwa.

Tahadhari kuhusu majina

Katika jamii nyingi za Pwani, mjukuu hupewa jina la babu. Katana Charo humzaa Charo Katana, naye humzaa Katana Charo mwingine. Babu na mjukuu wakawa na majina sawa kabisa, na mtu anaweza kufunguliwa faili isiyo yake. Kabla ya kulipia nakala yoyote, mwombaji ahakikishe kwamba nambari ya kitambulisho, tarehe ya kifo na kijiji vinalingana na vya marehemu wake. Pia atafute majina yote aliyojulikana nayo: la ubatizo, la Kiislamu, la nyumbani, na tahajia tofauti za jina lilelile.

Masijalani

Mwombaji afike na kitambulisho chake, nakala ya cheti cha kifo na nambari ya kesi. Aandike barua fupi ya kuomba kusoma faili na kupewa nakala, aeleze uhusiano wake na marehemu, na ataje karatasi anazozitaka. Katika Mahakama Kuu barua hupelekewa naibu msajili, na kwingine mkuu wa kituo cha mahakama. Asiye mhusika katika kesi anaweza kuulizwa sababu ya kutaka faili. Ndiyo maana mtoto au mjane aliyeachwa nje aseme wazi kwamba yeye ni mrithi, na aonyeshe cheti cha kuzaliwa au cha ndoa ikiwa anacho.

Kuna ada ya kusoma faili na ya nakala. Hulipwa kupitia mfumo rasmi wa malipo wa mahakama, na mlipaji hupata risiti. Pesa asipewe mtu mkononi, awe karani au mtu aliyesimama nje ya lango.

Nakala nne ndizo muhimu zaidi: ombi la usimamizi pamoja na orodha ya warithi na ya mali, fomu ya idhini zinazodaiwa kutiwa sahihi na warithi wengine, hati ya usimamizi, na cheti cha kuthibitishwa kwa hati hiyo, kinachoonyesha kila mrithi alipata nini. Palipo na wosia, nakala yake iombwe pia. Nakala za kutumia benki, afisi ya ardhi au mahakama nyingine ziwe zimeidhinishwa kwa muhuri wa mahakama.

Faili isipopatikana

Faili za miaka ya nyuma wakati mwingine hukosekana rafuni. Mwombaji asiondoke na jibu la mdomo. Aombe kwa barua faili itafutwe, na abaki na nakala ya barua hiyo iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Faili ikithibitika kupotea, mahakama inaweza kuombwa iruhusu nyingine itengenezwe kutokana na nakala zilizo kwa warithi, mawakili au afisi ya ardhi. Malalamiko kuhusu huduma za mahakama hupokelewa na afisi ya Ombudsman wa Idara ya Mahakama. Rekodi za kale, zikiwemo za enzi za ukoloni, huenda ziko katika Nyaraka za Kitaifa za Kenya, Moi Avenue, Nairobi.

Faili ikionyesha kasoro

Sheria ya Urithi haimtengi mtoto wa kike, awe ameolewa au hajaolewa. Kumficha mrithi katika ombi ni jambo zito, na anayetoa taarifa ya uongo kwa makusudi anaweza kushtakiwa.

Hatua ya kuchukua hutegemea kesi ilipofika. Ndani ya siku 30 za tangazo, mrithi anaweza kuweka pingamizi. Hati ikishatolewa, kwa kawaida miezi sita hupita kabla haijathibitishwa, na katika muda huo msimamizi haruhusiwi kuuza ardhi ya marehemu. Huo ndio wakati wa kupinga mgao unaopendekezwa. Hata baada ya kuthibitishwa, kifungu cha 76 kinairuhusu mahakama kubatilisha hati wakati wowote ikiwa ilipatikana kwa udanganyifu au kwa kuficha jambo muhimu.

Lakini kuchelewa kuna gharama. Kifungu cha 93 kinawalinda wanunuzi waliouziwa na msimamizi mwenye hati, hata kama hati hiyo itabatilishwa baadaye. Mrithi anaweza kushinda kesi na bado akasumbuka kulirudisha shamba. Asiye na uwezo wa kulipa wakili anaweza kuomba usaidizi kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria.

Familia ambazo kesi zao zimekwisha kwa amani nazo zina kazi ndogo ya kufanya: kuandika nambari ya kesi, mwaka na jina la mahakama, kumpa kila mrithi nakala ya cheti cha kuthibitishwa, na kuziweka mahali pakavu. Wajukuu watakapoulizwa shamba lilifikaje mikononi mwao, watakuwa na karatasi ya kuonyesha.