Kofia ya Mungu na sumaku iliyozimwa

Katika maabara ya Michael Persinger, Chuo Kikuu cha Laurentian, Kanada, mtu alifunikwa macho, akavishwa kofia ngumu ya waendesha pikipiki za theluji, kisha akaachwa peke yake kwenye kiti, kimya kabisa. Ndani ya kofia mlikuwa na koili za sumaku zilizoelekezwa pande za kichwa, juu ya masikio. Madaktari walishajua kwamba kifafa kinachoanzia sehemu ya ubongo iliyo hapo huwapa baadhi ya wagonjwa hisia nzito za kidini.

Sumaku yenyewe ilikuwa hafifu. Hata ile ya kubandika karatasi kwenye friji huishinda kwa mbali. Lakini Persinger alidai watu wapatao 80 kati ya 100 walihisi kuna mtu karibu nao. Waandishi wa habari wakaiita Kofia ya Mungu. Richard Dawkins, mwanabiolojia asiyeamini Mungu, aliivaa mwaka 2003 mbele ya kamera za BBC. Pumzi ilimbadilika kidogo na miguu ikamtikisika, basi.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, Pehr Granqvist na wenzake wa Uppsala, Sweden, waliwapima wanafunzi 89 kwa kofia kama hiyo. Safari hii mwanafunzi hakujua kama sumaku imewashwa au imezimwa, na msimamizi naye hakujua. Haikuleta tofauti yoyote. Walioona maajabu walikuwa wale wepesi wa kushawishika. Persinger alibisha kuwa mitambo haikutumiwa ipasavyo. Baadaye watafiti wa Uholanzi walitumia kofia isiyofanya kazi kabisa, na bado wapo waliohisi mambo ya ajabu.

Je, ndiyo kusema Mungu ni kazi ya ubongo tu? Hapana. Ukila embe ubongo nao hushughulika, na embe lipo. Ila waumini nao wasishangilie mapema. Ikiwa hisia ya kuwa na asiyeonekana huweza kuzuka chini ya kofia iliyozimwa, hisia hiyo pekee ni ushahidi dhaifu, na anayeitegemea atafute hoja nyingine.

Wataalamu wenyewe wamegawanyika. Justin Barrett, mwanasaikolojia Mkristo, huona kwamba Mungu angeweza kutuumba na akili iliyo tayari kumtambua. Mwenzake Jesse Bering, asiyeamini, anasema kumwamini Mungu ni njozi iliyowafaa mababu zetu: anayedhani anatazamwa huogopa kuiba.